Filamu ya Maisha ya Mzee Randiki

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku ya ishirini na moja bila Pauline. Mke wangu yuko kwao Uriri. Baba yake, Mzee Randiki, amesema harudi hapa Migori mpaka nije na wazee wetu wa Ukuria, nijitambulishe kama mwanamume. Nimekubali! Lakini Mzee hashiki simu yangu. Tutapangaje siku? Na Cliff, mume wa Risper dada yake Pauline, kila wikendi anatoka Homa Bay kuja kunywa chai kwenye kiti cha wageni. Leo nimepata dawa. Laptop yangu ya mitumba ina programu ya kutengeneza filamu kwa picha. Nitamtengenezea Mzee filamu ya maisha yake. Moyo utalainika tu.

Jumanne, 5 Agosti
Pauline amenitumia picha kumi na tisa kwa siri. Nyingine zimekuwa nyekundu, nyingine kijani. Nikabonyeza kitu, zote zikageuka nyeusi na nyeupe. Safi sana! Mzee anafanana na waziri wa zamani. Lakini kwenye ile nzuri kuliko zote, nani amemkumbatia? Cliff! Nimemkata. Ametoka mwili mzima isipokuwa mkono. Umebaki peke yake begani kwa Mzee. Nimeufuta mara sita, unarudi. Haya, ukae.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeipeleka filamu kwa flash kwa Moraa wa saiba, lile duka la intaneti, aione. Kioo cheusi na misalaba myekundu kumi na tisa. Moraa anasema nimehifadhi mpangilio tu, filamu yenyewe sijaitoa, na picha zimebaki kwenye laptop nyumbani. Zimebakije, na nimezibeba mfukoni? Nimesema asante nikaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti
Programu imetaka nichague mtindo. Nimechagua namba saba: mshumaa, njiwa weupe, na mwishoni mtu anapanda polepole mawinguni. Heshima tupu, kama kalenda ya kanisa! Halafu ikauliza mwaka wa kuanza na mwaka wa kuishia. Nimeweka 1953, alipozaliwa, na 2025, kwa sababu ndipo tulipofika. Muziki ni kinanda cha taratibu. Nimelia mwenyewe.
Jioni nimeituma kwenye grupu ya ukoo wao. Dakika tano, watu arobaini wanalia! Sijawahi kupendwa hivi. Nimezima simu nisisumbuliwe na pongezi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda Uriri kupokea shukrani. Sielewi chochote. Boma limejaa. Hema, viti vya kukodi, kina mama wanapiga nduru kuanzia langoni. Mzee mwenyewe amesimama mlangoni na povu la kunyolea kidevuni, anauliza nani amekufa. Shangazi mmoja kumwona akazimia. Wengine wanaapa waliona kwa macho yao mkono ukimwita. Pauline anasema aliandika kwenye grupu kwamba baba yuko hai. Wakamjibu pole, bado hajakubali.
Nikajificha nyuma ya jiko. Lo! Mzee naye yuko huko huko, amekimbia nduru. Tukachutama pamoja. Ndipo akaja Cliff na bango lenye uso wa Mzee. Hata ndani hakuingia. Akawaita pembeni wazee waliofika wakati huo huo, karibu na jiko, akawaambia marehemu alimwahidi lile shamba la mtoni. Marehemu akatoka.
Cliff amerudi Homa Bay bila bango na bila kiatu kimoja.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee ameniita. Amenifokea kwa Kijaluo nusu saa, nimeelewa jina langu tu, Mniko, na limetajwa vibaya. Kisha akageukia Kiswahili. Akasema mimi ni mjinga, ila mjinga asiyemezea mate shamba lake. Nije na wazee wangu Jumamosi ijayo. Akaonya asione tena mshumaa wangu popote. Pauline amecheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho nilikuwa na hamu nacho, jamani!

Jumatatu, 11 Agosti
Mama mkwe ana wivu. Amemtuma Pauline aniambie kwamba na yeye anataka filamu, tena kabla ya Jumamosi. Nafasi hiyo!
Mpaka leo sijui wale watu walichanganywa na nini. Nimefikiri sana. Naona filamu ya Mzee ilikosa maelezo. Kwa hivyo nimetumia namba saba ile ile. Mshumaa nimeondoa, mimi ni mtu wa kusikia. Njiwa nimeacha. Nimeweka 1958 na 2025. Na mwanzoni nimeandika kwa herufi kubwa, kila mtu aelewe: MAMA, HATUTAKUSAHAU.
Nimetuma. Simu nimezima.