Nukta za Mzee Habib

Jumamosi, 5 Oktoba

Mashine imefika! Baiskeli imeondoka. Nimebadilishana na jamaa wa mitumba pale sokoni na sijuti hata chembe. Ni msumeno wa nakshi, wa umeme, una meza yake ndogo na wembe mwembamba unaopanda na kushuka. Unakata maua, unakata majina, unakata chochote. Mwenye mashine kama hii haambiwi hana kazi.

Maana ndivyo nilivyoambiwa. Wiki iliyopita nilijipeleka mwenyewe kwa Mzee Habib kudokeza posa ya binti yake, Nadhira. Bila wazee, bila barua. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniuliza siku hizi ninafanya nini. Nikamtajia kware. Akasema kware wangu walishakufa, mji mzima unajua. Nikamtajia shamba langu la matikiti kule Fukayosi. Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema hamwozi Nadhira kwa mtu asiye na kazi ya mikono yake.

Mikono! Ataiona. Jumapili ya wiki ijayo ana dua nyumbani kwake, ya kuufungua mlango mpya. Mlango umechongwa na Pazi, yule fundi wa barabara ya Zinga anayejiona yeye ndiye seremala peke yake Bagamoyo nzima. (Naye anamtaka Nadhira. Sina ushahidi, lakini najua.) Juu ya mlango ule ni patupu. Hapo litakaa jina la Mzee, kwa herufi za Kiarabu, limekatwa na mimi, Shuaibu.

Jumapili, 6 Oktoba

Mama mdogo Mwanahija, ninayekaa kwake, ameiona mashine akapiga kigelegele. Anadhani ni cherehani. Nimemweleza mara tatu kuwa ni msumeno. Akasema sawa mwanangu, akaniachia dera lake mezani nilipunguze urefu.

Jioni jirani kaleta sare za shule za wanawe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya kwanza ya kukata. Aibu. Nimewasha mashine, nimesogeza kipande cha plaiwudi, kikaanza kurukaruka mezani kama kuku aliyefungwa miguu. Nikakikandamiza. Kikaruka na mikono yangu. Meno yote kinywani yaligongana.

Pazi akapita wakati huohuo. Nani kamwita? Akasimama ukutani, akatoa salamu, akatazama. Kisha akasema kwa upole kwamba wembe nimeufunga juu chini, meno yake yanatakiwa yaelekee chini ili yaukandamize ubao. Nikamwambia ninafanya hivyo makusudi. Akasema haya ndugu yangu, akaenda zake.

Nimengoja apotee kwenye kona ndipo nikaugeuza. Ubao umetulia tuli. Ninamchukia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nyembe zinakatika tu. Kwenye video za simu mzungu anasema usiusukume ubao, uongoze taratibu, acha wembe ufanye kazi. Huyo hana posa. Mimi nina siku nne.

Hata hivyo nimekata ua. Nimekata samaki. Samaki anafanana na kandambili lakini mkia upo. Nimekata pia dera la Mama mdogo, ambalo lilikuwa bado mezani na likanaswa chini ya ubao. Limefupishwa upande mmoja, kwa nakshi. Nimelikunja nikalirudisha kabatini na kujitia hamnazo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo ndiyo leo. Abdulnasir wa steshenari alikuwa amenichapia jina, Habib, kwa hati nzuri iliyojikunja kama moshi wa ubani. Nimebandika karatasi juu ya ubao wa mninga, nikaanza asubuhi. Taratibu. Jasho. Nikakata herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zimeshikana vizuri. Nilitaka kulia kwa furaha na nusura nilie kweli.

Tatizo ni moja dogo. Maandishi ya Kiarabu yana nukta, na nukta hazikushikana na kitu. Kila nikiizungushia msumeno moja, inadondoka chini. Sikujali, nikapiga msasa mpaka karatasi yote ikatoka na ubao ukang'aa. Nilipoinama kuziokota, Mama mdogo alishafagia ua. Nukta zimekwenda na vumbi la mbao, vumbi limekwenda jalalani, na kuku wako juu yake.

Nimekimbilia kwa Abdulnasir. Kafunga, kaenda msikitini. Nimemngoja. Kumbe akitoka msikitini hupitiliza Zinga kwa mkewe mdogo mpaka Jumatatu.

Sasa, mimi chuo cha Kurani nilikwenda. Nilikwenda na kutoka. Herufi nilikuwa ninazijua kwa sura, lakini siku za nukta nadhani tulikuwa ufukweni tukicheza mpira. Sikumbuki zilikuwa ngapi wala zilikaa wapi. Ila nina jicho la fundi! Nimechukua mpini wa fagio, nikaukata vipande vyembamba vya duara, vizuri kuliko vya mwanzo. Moja chini ya herufi ya pili. Mbili chini ya ya tatu. Juu palikuwa patupu mno, nikaweka moja juu ya herufi ya kwanza. Mwisho wa neno, pale mkia unapopanda, nikaweka tatu juu yake kwa pamoja, zimekaa kama vito.

Pazi kapita tena. Kaangalia sana. Kasema kazi ni safi, wallahi, ila yeye kusoma kwake ni kwa kubahatisha, na angekuwa mimi angemwuliza kwanza Maalim Rahim wa chuoni kuhusu zile nukta. Kijicho! Kimemtoka waziwazi. Nimepaka vanishi papo hapo.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Watu walijaa. Maalim Rahim, mwenye chuo, ambaye ni mjomba wake Nadhira, ndiye aliyesoma dua. Jina lilikuwa juu ya mlango, limefunikwa kitambaa cheupe. Nikakivuta mwenyewe.

Shingo zote zikainuka. Nikafurahi. Maalim akasema astaghfirullah, polepole, nami nikadhani amezidiwa na uzuri. Mzee Habib akanikumbatia. Akasema mbele ya watu wote kuwa alinidhania vibaya, na kwamba kijana ni huyu. Nikamtafuta Pazi kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha Mzee akaomba miwani.

Akasoma. Akaivua, akaipangusa, akasoma tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyenituma. Nikamjibu kwa fahari kuwa sikutumwa na mtu, yametoka moyoni mwangu. Hapo akaingia ndani na kuufunga mlango mpya. Unafungika vizuri, lazima nikiri.

Kitu kibaya zaidi ni kwamba Mama mdogo alishapiga picha na kuiweka kwenye status, na maneno: kazi ya mwanangu, mashaallah. Kufika alasiri mji mzima ulikuwa umeiona.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nadhira kanitumia ujumbe. Mrefu. Jina la baba yake lina nukta nne na zote zinakaa chini. Mimi nimeweka saba. Ukiweka nukta juu ya ile ha ya kwanza inakuwa kha, ukiweka tatu pale mwisho ba inakuwa tha, na neno zima si Habib tena. Ni habithi. Mwovu, mchafu wa moyo. Nimemwandika baba yake habithi, kwa mninga, juu ya mlango wake, mbele ya wazee, halafu nikasema yametoka moyoni.

Nimelala chali tangu asubuhi. Ninampenda yule binti na nimemfunga nje ya maisha yangu kwa mpini wa fagio.

Mwisho wa ujumbe kaandika kwamba alicheka mpaka akatoka machozi, ila jikoni, baba yake asimsikie. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi.

Jumanne, 15 Oktoba

Kuna mlango! Maalim Rahim kaniita. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado barabarani. Kasema Mzee ameapa hatanisikiliza mpaka nijue kusoma. Nitakaa chuoni na watoto kila alasiri, kisha Jumapili ya tarehe tatu nitasoma mbele yake na mbele ya Mzee. Nikisoma bila kubabaika, posa itapokelewa, safari hii na wazee. Nikishindwa, nisilitaje tena jina la Nadhira.

Na darasa la wanaoanza linafundishwa na nani? Nadhira!

Jumanne, 22 Oktoba

Ninakaa mkekani kati ya Ummy, miaka sita, na mwenzake asiye na meno ya mbele. Ummy ananisahihisha kwa kunifinya.

Leo ilikuwa ha, jim na kha. Herufi moja, tofauti ni nukta tu. Nadhira katoa mfano: neno rahim ni mwenye kurehemu, lakini ukitia nukta moja tu chini ya ile ha, herufi ya pili, imekuwa rajim, yule shetani mlaaniwa tunayejikinga naye kabla ya kusoma. Watoto wakashtuka wote. Kasema, akinitazama mimi, kwamba nukta si pambo. Vidole vyake vina hina mpya.

Nimeliandika hapa nisije nikasahau.

Jumamosi, 2 Novemba

Kesho! Na niko tayari kabisa. Kusoma kwenyewe kulikuwa kunanichelewesha, nikagundua njia fupi. Ummy anazo sura zote za mwisho kichwani, nami nimempa ubuyu anisomee mpaka nikazikariri kwa sikio. Kesho nitashika msahafu, nitatembeza kidole, nitatiririka. Nani atajua?

Lakini mtu mwenye akili haendi mikono mitupu. Kwa hiyo nimemtengenezea Maalim zawadi. Jina lake, Rahim, kwa mninga, la kutundikwa barazani chuoni. Kesho nitalifunua mbele ya wazee wote, kabla ya kusoma, mioyo yao ilainike.

Na safari hii nimejifunza. Karatasi sijaitupa. Ua sijaruhusu ufagiwe. Nukta ni mbili, zinakaa chini ya herufi ya tatu, nimehakikisha kwenye karatasi na nimezibandika kwa gundi nzito. Hata Pazi hana la kusema. Alipita jioni akataka kuangalia, nikamfunikia kanga.

Nilikuwa nimekata nukta tatu, endapo moja itapotea. Haikupotea. Ilibaki mkononi mwangu, duara safi, mninga mtupu, haikustahili kwenda kwa kuku. Na chini ya herufi ya pili palikuwa patupu, panakera jicho.

Nimeibandika hapo. Imekaa pake, na gundi imeshakauka.