Hatua Mia Tatu kutoka Uwanjani

Kasense, Sumbawanga.
Jumamosi, siku moja kabla ya nusu fainali.

Mwenyekiti,
Kamati ya Timu ya Ulezi Stars,
Kasense.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA ADHABU YA KUFUNGIWA KUHUDHURIA MECHI

Kwa cheo chako, nakusalimu kwa heshima zote. Kwa kuwa wewe Cleophas pia ni kaka mkubwa wa mke wangu, shikamoo shemeji. Baada ya salamu hizo mbili, ambazo zote ni za kweli, naomba uketi, maana barua hii ni ndefu na hasira yake nimeshaipunguza mara tatu.

Mimi ni Kasimiri, shabiki wa Ulezi Stars tangu siku ilipoundwa. Nguzo za goli la kaskazini nilizibeba mimi, begani, moja baada ya nyingine, na bega hilo mpaka leo hulalamika mvua zikianza. Lakini tangu mwezi wa kumi na moja kamati yako imenikataza kuusogelea uwanja huo kwa umbali wa hatua mia tatu. Napinga adhabu hiyo kwa sababu zifuatazo:

1. Sikusikilizwa. Kikao mlikifanyia kwenye mashine ya kusaga, nayo mashine inanguruma. Nilijitetea kwa robo saa nzima, mpaka jasho likanitoka. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Mtuhumiwa alifungua mdomo." Basi.

2. Suala la majina. Hapa nakiri kosa, ila si lile mlilonishitaki nalo. Unajua kwamba katika mwezi wa marehemu kila familia huandika majina ya ndugu zao waliotangulia, karatasi ikatiwa sandukuni kanisani, na majina yakasomwa misani. Siku ile mfukoni nilikuwa na karatasi mbili. Moja ya marehemu wa ukoo wetu. Nyingine ya kikosi chetu, niliyokusudia kuiweka nyumbani chini ya msalaba ili vijana waombewe ushindi. Nikatumbukiza isiyo yake.

Tena nilikuwa nimewaandika kwa kufuata namba za jezi. Katekista akaanza na kipa, Calvin. Mama yake, Justa, alikuwa benchi la tatu. Calvin mwenyewe alikuwa kwenye kwaya, anaimba besi, na watu wanasema alikosa noti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kanisa zima likawatakia raha ya milele wachezaji kumi na mmoja pamoja na wa akiba watatu. Marehemu wa ukoo wetu, kwa upande wao, waliishia nyumbani chini ya msalaba wakiombewa wapige krosi za maana.

Ni kweli, kesho yake tulifungwa manne bila. Lakini je, ni karatasi iliyotufunga? Mboje, beki wetu wa kushoto, alikuwa akicheza kama marehemu muda mrefu kabla jina lake halijasomwa. Na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekufa. Hata Lukmani, anayetupatia jezi kutoka dukani kwake mjini, aliponiona alisema, "Mzee Kasimiri, sisi tunawaombea dua walio hai waendelee kuishi. Nyie mnawazika kwanza, halafu ndiyo mnawapa jezi?" Nilicheka, Mwenyekiti, ingawa niliumia.

3. Tuhuma ya nuksi. Imesemwa kikaoni kwamba mimi nina nuksi. Imesemwa kwamba katika mechi kumi na tisa nilizohudhuria tumefungwa kumi na saba na kutoka sare mbili. Hesabu hiyo siikatai, kwa sababu niliitunza mimi mwenyewe. Lakini miaka thelathini nimehudhuria kila msiba wa Kasense, na hakuna aliyewahi kusema kwamba ndimi ninayeua. Na kama tangu nifungiwe timu imeshinda mechi tano mfululizo, hiyo ni kwa sababu vijana wamekomaa. Wamekomaa wiki ileile niliyofungiwa. Mambo hayo hutokea.

4. Mpaka wenyewe. Hatua mia tatu mlimpa Baltazari azipime, mtu mwenye miguu mirefu kuliko wote katika kata. Mstari wake umepita katikati ya shamba langu la ulezi. Kwa hiyo nusu ya chini napalilia kwa amani, nusu ya juu nikiigusa navunja sheria, na magugu ya huko sasa yananifika kiunoni. Cornelia, dada yako, ameniuliza kama na magugu nayo yamekata rufaa.

Nikisimama kwenye tuta la mwisho la nusu yangu halali, naona goli moja tu, lile la kaskazini, na mpira wenyewe siuoni. Kipindi kimoja namwona Calvin. Kipindi kingine nabaki na kelele. Sasa hapa nitasema ukweli bila kejeli: kelele za furaha na kelele za uchungu, kwa umbali ule, ni zilezile. Mtu unasimama na jembe mkononi, moyo unadunda, hujui ucheke au ulie. Hilo linaniuma kuliko yale manne.

5. Athari za kifamilia. Siku za mechi sasa niko nyumbani. Nimetengeneza kihenge, nimeweka mlango wa banda la mbuzi, na kigoda kilichosubiri mguu tangu ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza kimepata mguu. Cornelia amesema kamati ipelekewe kuku wa shukrani. Adhabu inayomfurahisha mke kiasi hiki haiwezi kuwa ya michezo. Mimi naona ndani yake mkono wa ukweni.

Kwa hoja hizo, naomba yafuatayo: kwanza, adhabu ifutwe kabla ya mechi ya kesho. Pili, mechi zile tano tulizoshinda zirudiwe mimi nikiwepo, ili ijulikane kwa haki kwamba sina nuksi. Tatu, kama hayo yanawashinda, basi uwanja uhamishwe hatua mia tatu kuelekea shambani kwangu. Mimi sitasogea hata kidogo. Mtakuwa mmenifuata wenyewe.

Wasalimie wanakamati wote, hata yule katibu. Msalimie wifi yake Cornelia na watoto. Mwambie mama yake Calvin kwamba bado namwomba radhi, na Baltazari aambiwe kwamba bega langu linaisalimu miguu yake.

Ni mimi, mtii wa sheria nisizozikubali,
Kasimiri,
shabiki.

Nyongeza, Jumapili jioni.

Shemeji, barua hii sikuwahi kuituma jana. Nakuletea sasa, ila naomba uisome hapa mwisho tu.

Leo nilivunja adhabu. Wakati wa mapumziko Cornelia alipita shambani, akaniambia tunaongoza mbili bila. Nikashindwa. Nilijitanda kitenge chake kichwani, nikapita kwenye mahindi, nikaenda kusimama nyuma ya goli la Calvin, katikati ya akina mama. Ndani ya dakika kumi ikawa mbili mbili. La kwanza lilimteleza mikononi, la pili likapita katikati ya miguu yake. Nilimwona akikaa chini kati ya zile nguzo nilizobeba, akajifunika uso kwa glovu.

Nikakimbia. Nilipofika shambani zikapigwa kelele, nami sikujua ni za nini. Nilisubiri mpaka Cornelia alipotokea njiani akicheza. Tatu mbili.

Kwa hiyo rufaa naifuta. Jumapili ijayo ni fainali na wavuvi wa Kirando, ongezeni hatua. Mimi nitakwenda mjini, Lukmani amekubali kunifungia stoo na ufunguo akae nao yeye.

Ila nasikia Calvin hajala tangu mechi iishe, na anasema glovu apewe mwingine. Tafadhali nenda kwake leo hii. Mwambie magoli yale mawili si yake, ni yangu. Kama haamini, kandambili yangu ya kushoto ilibaki nyuma ya goli lake. Mwonyeshe.