Vifaranga Ndani ya Chandarua

Jumatatu, 12 Mei
Mke wangu Bertha kaondoka alfajiri kwenda Rombo, msiba wa shangazi yake. Anarudi Jumamosi. Jumapili binti yetu Angel anapokea komunyo ya kwanza. Agizo moja tu: watoto walale ndani ya chandarua. Nikaitikia. Saa nne mwewe akaanza kuzunguka juu ya vifaranga wangu thelathini, ambao nimeshamwahidi mpishi wa loji ya watalii wakikua. Chandarua kimeenea bandani vizuri kabisa. Mimi nina akili!

Jumanne, 13 Mei
Angel ana vipele kumi na saba usoni. Mdogo wake Edgar kavimba sikio. Nikasema ni vumbi. Mama Simon, jirani, akasema ni mbu, niwaoshe kwa sabuni, niwakande kwa kitambaa cha maji baridi, niwakate kucha wasijikune. Naye anamuuzia kuku mpishi yuleyule. Siwezi kushauriwa na mshindani. Nimepaka dawa ya meno, tone moja kila kipele.

Jumatano, 14 Mei
Mwalimu kamrudisha Angel na barua. Tetekuwanga! Yale matone meupe. Katekista kapata habari, kasema mtoto wa tetekuwanga haji kanisani Jumapili. Hapo niliogopa kweli.

Alhamisi, 15 Mei
Leo nimewapaka asali. Sisimizi wakafika kabla ya nafuu. Angel kajikuna shavu mpaka damu, kisha akaniomba kwa adabu nisimtibu tena. Iliniuma.
Mama Simon kaingia na beseni. Sabuni, maji baridi, kucha, dakika kumi. Akaniuliza, "Baba Angel, chandarua kiko wapi?" Nikasema kimefuliwa. Vifaranga wakalia ndani yake bandani, mbele yetu. Akakitoa bandani, akakifua, jioni akakitundika kwa watoto.

Jumamosi, 17 Mei
Vipele vimenywea. Katekista kaja kukagua, karidhika. Bertha karudi, kauliza nani aliwatibu. Nikasema tulishirikiana. Angel akakohoa.

Jumapili, 18 Mei
Gauni jeupe, uso safi. Nililia, sikujificha. Picha ya kwanza Angel kapiga na Mama Simon. Sawa.
Tumerudi, mwewe kachukua vifaranga wawili. Nimekaa nikatafakari makosa yangu ya wiki nzima. Nimepata moja tu: nilichukua chandarua cha watoto. Cha kitandani kwetu ni kikubwa zaidi, na Bertha hata akiumwa na mbu hana komunyo.