Tingatinga la Sabuni na Sufuria

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wasimamizi wanne, daktari aliyenikataza chumvi, na meno yangu yote isipokuwa matano. Shule niliishia darasa la tatu, kwa sababu mwalimu wa la nne aliniogopa. Daftari hili naliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Anayetaka mwandiko mzuri akanunue gazeti.

Leo nimeitwa kwenye chuo cha madereva wa mitambo. Mkuu wa chuo ni mama mmoja mwenye sauti ya honi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, enzi zile akiwa binti ndani ya ovaroli linaloburuta chini. Akaniamkia kwa heshima mno. Nikajua kuna jambo.

Tingatinga langu! Lile nililoliendesha miaka thelathini na moja, nikasukuma milima kama mtu anayesukuma sahani mezani. Mwezi ujao linakatwakatwa, linauzwa chuma chakavu. Nikashika ukuta. Akaniambia nitulie, mzee wake, watabakiza mfano wake mdogo kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Na chini ya mfano kutakuwa na kibao cha shaba chenye jina la mtu aliyeliteremsha kutoka kwenye lori siku ya kwanza lilipofika.

Jina langu! Kwa shaba!

Nikamwambia akichonge leo leo. Akakohoa. Akasema kuna mzee mwingine naye anadai aliliteremsha yeye.

Sikuuliza ni nani. Duniani yupo mmoja tu aliyeumbwa kwa ajili ya kuniziba njia. Spana! Fundi mitambo mstaafu, na kwa bahati yangu mbaya, kaka wa mke wangu. Siku ile alikuwepo, sikatai. Alikuwa ameshika kitambaa cha grisi.

Mkuu kaamua hivi: kila mmoja alete mfano wake Jumamosi saa nne asubuhi. Anayelijua tingatinga ataonekana kwa kazi yake. Mfano wake utaingia kabatini na jina lake kwenye shaba.

Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani. Maskini shemeji.

Kabla ya kuondoka nililipima lile kubwa pale uani. Hatua tano na nusu kwa urefu. Mfano wangu utakuwa hivi: hatua moja uani ni dole gumba moja mezani. Ubavu wa kushoto kwa dole la kushoto, ubavu wa kulia kwa dole la kulia. Kila upande na dole lake, ndiyo haki. Spana atatumia rula. Rula ni ya watu ambao Mungu hakuwapa vidole.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Siku ya ushindi. Nitaeleza, ili wajukuu wasome wajue damu yao.

Sitaki mfano wa mbao. Mbao ni ya vitanda. Nataka chuma cha kusubu, yaani niyeyushe madini na kuyamimina kwenye kalibu, kipande kwa kipande. Nimechonga ubavu wa kushoto kwa mche wa sabuni ya kufulia: mnyororo, magurudumu, vyote pamoja. Nikaugandamiza kwenye sanduku la mchanga laini uliolowa kidogo, nikautoa polepole, ukabaki uwazi safi. Hapo ndipo madini yanapoingia.

Mchanga niliuchekecha kwa chekeche la unga la mke wangu. Lilikuwa limekaa bure.

Madini nimepata jikoni. Sufuria kubwa ya chini kabisa. Niliona imetoboka. Nikaikata vipande, nikaiweka kwenye kopo la chuma juu ya mkaa, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka ikawa uji wa fedha. Nikamimina. Nikangoja. Nikavunja mchanga.

Ubavu mzima! Hata meno ya gurudumu yanaonekana! Nikapiga kelele hadi jirani akachungulia ukutani. Nikamwonyesha. Akauliza ni kitana? Huyo naye.

Mke wangu kaja jioni akitafuta sufuria yake. Nikamwambia ilitoboka. Akasema haikutoboka, yale yalikuwa masizi. Akautazama ubavu wa tingatinga. Kisha akasema kumbe katika nyumba hii sufuria zinaota minyororo. Akaondoka na zilizobaki, amezikumbatia kama watoto pacha.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Hujuma.

Jana niliacha bamba la mbele, la sabuni, limekauka vizuri dirishani. Kazi ya saa tatu! Nimeamka, halipo. Nimelikuta karaini, juu ya mashuka, limebaki nusu na mapovu. Mke wangu anasema sabuni ni sabuni. Nikamwambia lile ni bamba la kusukumia mawe. Akasema basi limesukuma uchafu, lishukuru.

Nimelisubu hivyo hivyo lilivyobaki. Limetoka jembamba. Ni sawa. Bamba la kweli nalo lililika kwa kazi.

Kisha ajali, si kosa langu, ni la mchanga. Niliulowesha zaidi ili ushike vizuri. Kumbe mchanga ukishiba maji haupendi moto. Nilipomimina, kalibu ikatema mate ya madini juu. Tone moja likanitua dole gumba la kulia.

Sikulia. Nilitoa maoni kwa sauti.

Mke wangu alikuja mbio, akanimwagia maji baridi, akalifunga dole kwa kitambaa mzunguko baada ya mzunguko. Sasa ni nene na refu kama gunzi la mahindi. Wakati anafunga akaniomba niache, kaka yake ana vifaa vyote, aandikwe jina nani asiandikwe nani, inatuhusu nini? Nikamwambia mama, mimi sina shamba la kuwarithisha watu, sina ghorofa. Nina siku moja niliyoteremsha mnyama wa tani kumi na sita watu wote wakiwa wamerudi nyuma. Nikifa na siku hiyo ikaandikwa kwa jina la Spana, nitakuwa nimeishi kwa ajili ya nini?

Alikaza fundo tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimesubu ubavu wa kulia, safari hii kwa mchanga mkavu kiasi. Nimepima kwa dole la kulia, kama sheria yangu inavyosema, madole matano na nusu, tangu kwenye fundo la chini mpaka ncha ya kitambaa. Umetoka bila tundu hata moja. Leva tano, vile vijiti vya kuendeshea, nimezisubu moja moja, kila moja na kirungu chake. Kiti. Bomba la moshi. Nimeunga vyote kwa skrubu.

Nikaliweka mezani. Lilisimama limeinama kushoto, pua imekwenda upande, kama mtu anayesikiliza maneno ya watu mlangoni.

Meza mbovu. Nikalihamishia sakafuni. Sakafu nayo mbovu! Nyumba hii imeanza kuzama na hakuna aliyeniambia.

Mke wangu kapita, akasema upande mmoja ni mrefu. Nikapima mbele ya macho yake. Kushoto kwa dole la kushoto: matano na nusu. Kulia kwa dole la kulia: matano na nusu. Nikamwuliza, haya, sema sasa. Akatazama kitambaa. Akanitazama mimi. Akasema hana la kusema.

Wanawake ukiwapa ushahidi wanakosa la kusema.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimekwenda kwa Spana, eti kumjulia hali ya mgongo. Mgongo wake ni mzima kuliko meza yangu.

Nimeuona mfano wake. Ameuweka kwenye kitambaa cheupe kama maiti. Nasema ukweli kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu: ni mzuri. Mapande ya mnyororo amesubu moja moja, yanazunguka. Bolti zinaonekana kwa miwani. Kila kitu kimenyooka.

Nikasema si mbaya kwa mtu anayeanza.

Akaniangalia dole, akauliza, vipi shemeji, umeanza kufungasha muhogo? Nikamwambia hili ni jeraha la kazi, yeye atalijulia wapi. Akasema ni kweli, yeye alizoea majeraha ya kutengeneza mashine ambazo mimi nilizivunja. Tukacheka wote wawili, meno nje, moyo ndani.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nikamwambia, tena shemeji, mkuu wa chuo kasogeza mbele, ni Jumapili saa nne, Jumamosi hakuna mtu. Nilisema kwa upole kabisa. Akashukuru. Akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniita shemeji yake mpenzi!

Kesho nitakuwa peke yangu mezani. Anayekimbia peke yake hashindwi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefika saa tatu na nusu. Spana kakaa kiti cha mbele, kanyoa ndevu. Akasema amewahi ili Jumapili isimpite.

Mke wangu alikuwa kakaa katikati yetu, pochi yake kaibana kwapani, kama refa.

Wanafunzi wa chuo wamejaa ukumbini. Mifano yote miwili juu ya meza moja. Mkuu akatoa utepe wa kupimia. Wangu: ubavu wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa vidole vitatu. Wanafunzi wakacheka. Mmoja akauliza kama hili ni la kulimia kwenye mteremko. Nikamwambia lile la kweli lilikuwa hivyo hivyo, ila macho ya watoto wa siku hizi yameharibiwa na simu. Mkuu akafungua dirisha akaonyesha lile la kweli pale uani. Limenyooka, linanisaliti mchana kweupe.

Watu husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vizuri. Mimi si mshindani. Mimi ni dereva.

Mkuu akainama kuchungulia kitini. Akaita wote wanyamaze. Akatia kidole chake kwenye leva zangu, moja, mbili, tatu. Akasema hii ya tatu imepinda. Nikasema ndiyo imepinda, kwani ilikuwa imepinda! Akasema anakumbuka, ilikuwa inamchoma gotini alipokuwa akijifunza. Akachungulia wa Spana. Leva tano, zimenyooka kama askari wa gwaride. Akamwuliza kulikoni. Spana akasema yeye alifuata kitabu cha mtengenezaji.

Nikasimama! Nikasema kitabu kilikuwa wapi leva ilipopinda? Mimi nilikuwepo! Ilipinda siku ile ile ya lori!

Mkuu akaniuliza, ilipindaje mzee wangu?

Nikakaa.

Nikamtazama Spana. Angeweza kunyamaza, na jina lingekuwa lake. Akaivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayesoma. Kisha akasema ilipinda kwa goti la huyu bwana. Alikuwa juu yake linateremka kwenye mbao za lori, sisi wengine tumekimbia. Mbao moja ikavunjika. Akaenda nalo moja kwa moja hadi mtaroni, hakuruka, hakuachia leva. Tulimtoa kwa kumvuta mguu. Mtaroni akaliingiza yeye, kutoka mtaroni nikalitoa mimi. Ndiyo maana nasema nililiteremsha mimi, yeye aliliangusha.

Mke wangu akageuka polepole. Miaka arobaini na sita amekuwa akilikanda goti hili na mafuta, akiamini niliumia nikifunga goli la ushindi.

Mkuu akauliza swali moja tu: lilipotoka kwenye lori, nani alikuwa kwenye kiti?

Spana akasema, yeye.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeshinda!

Uamuzi ndio huu. Kabatini utaingia mfano wa Spana, kwa kuwa umenyooka. Leva ya tatu imetolewa kwenye wangu ikafungwa kwenye wake, kwa kuwa ni ya kweli. Na jina kwenye shaba ni langu, kwa kuwa nilikuwa kwenye kiti.

Hebu tufikiri pamoja, mimi na daftari. Mfano wake, jina langu. Yaani shemeji kafanya kazi wiki nzima, bolti kwa bolti, akanijengea mimi kumbukumbu, na hata maji hakuniomba! Tangu mwanzo ndiyo ilikuwa hesabu yangu. Nilipomwambia Jumapili nilimtaka atulie aimalize vizuri.

Alikuja mchana kunipa mkono. Nikamwambia asijali, kushindwa kupo. Alicheka hadi akakaa chini. Hasira za watu huja kwa namna nyingi.

Kosa limebaki moja. Mkuu anataka shaba isomeke kwamba niliteremsha tingatinga "hadi mtaroni". Anasema historia haikatwi. Nimeshaandika barua ya kupinga, kurasa nne, na kesho naipeleka mwenyewe. Pia nitamweleza kwamba chuo hakina mfano wa greda, na greda nalo niliendesha mimi, karibu peke yangu. Mkaa upo. Mke wangu ameweka kufuli kabati la vyombo, lakini bawaba za kabati hilo nilizifunga mimi, na zina skrubu nne tu.

Anayeshuku haya aulize. Mke wangu yupo, ingawa tangu jana ananiongelesha kupitia kwa kuku. Mkuu wa chuo yupo, ofisi ya pili mkono wa kulia. Na Spana yupo, aliona kwa macho yake, ndiye aliyenivuta mguu. Muulizeni kila kitu. Ila akiwaambia mtaro ulikuwa na maji, hapo anatia chumvi.

Mtaro ulikuwa mkavu.