Video ya Viti vya Mzee Tahiru

Jumapili, 3 Agosti

Nimepewa wiki moja. Moja tu!

Mambo yenyewe ni haya. Mzee Tahiru anakodisha viti na mahema hapa Arua, na sasa anafungua tawi Koboko. Tawi linataka msimamizi. Tunaotajwa ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Jude Ayiko, mtu wa kompyuta, niliyemtengenezea tovuti tangu ukurasa wa kwanza. Wa pili ni Shafiki, dereva wa lori, ambaye elimu yake yote iko mabegani.

Mzee amesema wazi: tovuti isiyoleta mteja haihitaji mtu wa kuilinda. Nikikosa Koboko, nakosa na Arua. Nitarudi Ayivu kwa kaka yangu Ocama kulima muhogo. Ocama amenipigia simu kunijulisha kwamba jembe langu amelitia mpini mpya. Sikumuuliza. Ana roho mbaya.

Lakini mteja yupo. Hajati Bushira wa Koboko anamwoza binti yake Jamilah, arusi ya watu wengi mno. Mzee anasema Hajati ana kinyongo kidogo na sisi tangu jana. Hakutaka kueleza zaidi. Alisema tu kwamba inafaa tumwonyeshe kitu cha kumsahaulisha.

Kitu ninacho! Jana tulipeleka viti kwenye arusi moja ya Wanubi hapa mjini. Akina mama walicheza doluka, ile ngoma yao ya kutungiana nyimbo papo hapo, na mimi nikairekodi kutoka juu ya lori. Kulikuwa na kishindo fulani karibu na hema, vumbi, kelele. Sikuona, nilikuwa naangalia betri. Mara mwimbishaji, Kadijah, akaanza wimbo mpya na nikasikia kwa masikio yangu: kursi ta Tahiru. Kiti cha Tahiru! Tena na tena! Akina mama walicheka hadi wakashikana wasianguke. Ni kampuni gani nyingine Arua imeimbiwa viti vyake?

Mzee alikuwa upande wa wanaume, hakusikia. Leo ameniuliza wimbo unasema nini. Nikamwambia unasifu viti mwanzo mpaka mwisho. Aliponiajiri aliniuliza kama nasikia Kinubi, nikasema nasikia. Na si nimesikia? Kursi nimesikia, Tahiru nimesikia. Katikati ni mapambo.

Jambo jingine la kunifurahisha: vile viti vyenye nyufa nilivyoviunga kwa gundi badala ya kununua vipya havijaleta malalamiko. Angalau kwangu havijaleta.

Jumatatu, 4 Agosti

Swali kubwa la wiki: video ikae wapi? Watu wajinga hudhani video ni video. Hapana. Video ni kama mgeni, inategemea umemlaza wapi.

Nimeamua kuilaza nyumbani, ndani ya tovuti yetu wenyewe. Kwa nini nimpe mtu mwingine mali yangu? Nikatuma kiungo kwa watu wa Koboko, na Hajati Bushira wa kwanza.

Balaa! Watu walifungua kwa pamoja, tovuti ikazimia. Wenye mtambo wa tovuti wameniandikia kwamba nyumba yetu ni ndogo, haiwezi kubeba msongamano huo. Hajati alifungua akaona ukurasa mweupe. Akamuuliza Mzee kama hiyo ndiyo picha ya viti vyetu. Mzee aliponigeukia, nikajifanya napekua waya.

Shafiki kaiona video kwenye simu yangu. Alikunja uso, akaomba airudie. Halafu akaniuliza polepole, "Judi, wewe iko nasikia hii maneno ya Kadijah?" Nikamjibu kwamba niliingia Arua na Kinubi mfukoni. Akataka kusema kitu. Nikamkatiza. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimehamia Vidibure. Ni mtandao wa bure, kila mtu yuko humo, na mgeni analala bila kulipa.

Kuipandisha video tu kumenitoa jasho. Ilikwenda, ikakwama, ikaenda. Nilikaa mbele ya kompyuta sivuti pumzi. Ilipobaki kidogo tu, umeme ukakatika mtaa mzima! Nilipiga kelele hadi fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani amekufa. Nikaanza upya kwa bando la simu, nikiwa nimesimama juu ya viti kutafuta mtandao. Kimoja kilipasuka. Nikashuka taratibu, nikakitia gundi.

Lakini ikaingia! Na watu wakaja! Maoni yanamiminika, karibu yote kwa Kinubi, yakiwa na nyuso zinazolia kwa kicheko. Nimeyapa yote alama ya moyo. Kila mmoja nimemjibu: Shukran, karibu ukalie mwenyewe. Wakacheka zaidi. Hivi ndivyo jina linavyojengwa.

Jioni nikaitazama hadi mwisho, kwa raha zangu. Ilipokwisha, Vidibure ikaleta video inayofuata yenyewe. Nani? Anguyo! Yule Anguyo wa barabara ya Inde, adui wetu! Amekaa kwenye kiti cha chuma, anarukaruka juu yake, anasema chuma hakiombi msamaha. Nikaitazama tena, Anguyo tena. Yaani nimeteseka na umeme na bando ili nimpokee Anguyo wageni na kumwekea mkeka!

Nikaifuta. Lakini wangapi wameshamwona?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata jibu. Klipuboksi! Hii ni ya kulipia, ila wanakupa muda wa kujaribu bure. Hakuna matangazo. Hakuna Anguyo. Video ikiisha, kimya.

Na ina hazina ambayo wale wengine hawana: mchoro unaoonyesha watu wanatazama wapi, wanaondoka wapi, wanarudia wapi. Nikauangalia baada ya kutuma kiungo kipya. Mahema: watu wanapita tu. Mapambo ya bibi arusi, niliyoyarekodi kwa ustadi mkubwa: wanapita. Halafu kwenye wimbo wa Kadijah mchoro unapanda kama kichuguu! Watu wanarudi hapohapo, wanarudia, wanarudia.

Mfanyabiashara mwenye akili hapingani na mteja. Nimekata mengine yote nikabakiza wimbo. Nimeuweka mbele kabisa kwenye tovuti, unaanza wenyewe ukurasa ukifunguka, na ukiisha unarudi mwanzo. Klipuboksi pia inaruhusu kuficha kitufe cha kusimamisha. Nimekificha. Kwa nini nimpe mteja nafasi ya kuondoka?

Mzee anataka kuiona. Simu yake ni ya tochi tu, kwa hiyo nikamwambia asiione peke yake, raha yake ni kuiona pamoja na Hajati. Akakubali. Tunakwenda Jumamosi. Alinishika bega akasema baba yake alianza na viti vichache vya mbao, na jina lililoandikwa nyuma ya kila kiti ni la familia, kwa hiyo nisimwaibishe. Nilikaribia kulia. Nikamwahidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Shafiki tena. Leo amenifuata mpaka stoo, akaniambia nichukue video ya mahema tu, wimbo niuache. Alisema, "Mimi siko adui yako. Uliza hata mama moja yenye anajua Kinubi."

Nikamwambia sihitaji mtafsiri. Niulize, halafu habari zimfikie Mzee kwamba mtu wake wa Kinubi anauliza maana ya Kinubi? Sijazaliwa jana. Huyu anataka Koboko.

Usingizi hauji. Nikifumba macho naona muhogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Tulifika Koboko kwa lori, mimi katikati, kompyuta mapajani, spika ya kubebeka miguuni. Sebule ya Hajati ilikuwa imejaa: Jamilah, dada yake Hajati aitwaye Medina, na shangazi wengine kadhaa. Hajati mwenyewe akaingia anachechemea, ameegemea fimbo. Nikampa pole, nikamuuliza kama ni baridi yabisi. Mzee alikohoa.

Mtandao ukaanza visa. Karibu na mpaka simu haijui ni ya nchi gani, mara inanikaribisha Kongo, mara inapotea kabisa. Duara linazunguka, linazunguka. Nikamwomba Mungu afungue, na Mungu akafungua.

Wimbo ukalia kwenye spika, sauti ya juu kabisa. Kursi ta Tahiru! Nikatabasamu, nikawatazama mmoja mmoja. Jamilah akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Medina akatoka nje mbio. Shangazi mmoja akauma kidole. Nikadhani wameguswa. Kisha nikamwona Mzee Tahiru. Uso wake ulikuwa umekwisha.

Akasema kwa sauti ndogo nizime. Nikatafuta kitufe. Hakuna kitufe! Nilikificha mwenyewe! Wimbo ukaisha, nikashukuru, ukaanza tena. Nikafunga kompyuta. Kumbe kwa haraka nilikuwa nimeufungua na kwenye simu, na simu ndiyo ilikuwa imeunganishwa na spika, ikaendelea! Nilibonyeza kila kitu. Kadijah anaimba, watu kwenye video wanacheka, watu sebuleni wanacheka, mimi nimepiga magoti zuliani. Shafiki ndiye aliyeichukua spika akaizima. Ilikuwa na swichi chini.

Mzee akamwambia Shafiki atafsiri wimbo kwa Kiswahili, ili mtu wa ofisi naye asikie. Shafiki hakutaka. Mzee akarudia. Basi akasema, akiangalia chini:

Kiti cha Tahiru, ukitaka kukikalia waage watoto. Mama mkubwa wa Koboko hakuaga, kiti kimekwenda kulia, mama amekwenda kushoto, na ardhi imempokea.

Mama mkubwa wa Koboko. Fimbo. Kishindo na vumbi karibu na hema. Gundi yangu.

Hajati hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Tahiru, mimi ilianguka mara moja tu. Hii kijana yako iko naniangusha kila saa, mbele ya Koboko muzima."

Mzee akaomba radhi kwa Kinubi, kwa muda mrefu. Sikuelewa hata neno, na safari hii sikujifanya. Alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikatamani ardhi inipokee mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Shafiki akamwambia Hajati kwamba mahema yetu hayana ubaya, na kwamba siku viti vipya vitakapokuja atakalia kila kimoja mwenyewe mbele yake. Hajati akakata shauri. Mahema atachukua kwetu. Viti atachukua vya chuma kwa yule bwana anayerukaruka, aliyemwona Jumatano mara baada ya video yetu. Na Kadijah ataitwa aimbe.

Kurudi nilikaa nyuma ya lori.

Jumatatu, 11 Agosti

Shafiki ni msimamizi wa Koboko. Mimi nimeshukuriwa kwa huduma. Mzee hakunitukana. Alinipa mkono, akaniomba nimwambie kweli kama nilikuwa nasikia Kinubi. Nikasema nasikia, ila cha Kadijah ni cha ndani sana. Akafumba macho.

Ocama amekuja na baiskeli kubeba sanduku langu. Njia nzima hadi Ayivu alikuwa anapiga mluzi. Wimbo naufahamu.

Jumatano, 13 Agosti

Mpini mpya unachubua. Mikono imejaa malengelenge. Lakini kati ya matuta ya muhogo mtu hupata nafasi ya kufikiri, na nimefikiri kwa haki kabisa, bila kujipendelea. Kosa lilikuwa Vidibure. Ningeanza na Klipuboksi tangu Jumatatu, Hajati asingemwona Anguyo, na mambo yangekwenda vingine.

Saa ya chakula simu imelia. Anguyo mwenyewe! Anasema tangu alipoanza biashara hakuna mtu aliyemletea wateja wengi kama mimi, na sikuwa hata mfanyakazi wake. Anataka video. Ana arusi ya Wakakwa huko Koboko, akina mama wataimba, na anataka wimbo mbele kabisa kwenye tovuti yake. Nikamshauri Klipuboksi. Nikamweleza habari ya kitufe, akaipenda sana.

Halafu akaniuliza kama nasikia Kikakwa.

Nikamwambia nimekinyonya na maziwa. Jembe nimemrudishia Ocama, kalipokea bila kuuliza, kaliegemeza mlangoni upande wangu. Kesho nitamtafuta mtu aniambie Wakakwa kiti wanakiitaje. Neno moja litatosha.