Kamati Iliyotafuta Wakubwa

Kabla ya mapambazuko, huko Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia, kifuniko cha sufuria kilitetemeka juu ya makaa. Koko Godelive alikuwa akimpikia mjukuu wake Denise chai, redio ilipotangaza habari kuu: chanjo ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi imefika, na safari hii ni ya wakubwa.

Agizo lenyewe lilisema watu wazima: mpaka miaka ishirini na sita wachanjwe, kutoka hapo mpaka arobaini na tano, waongee kwanza na daktari. Lakini Bunia mtu mzima huitwa mukubwa, na Kamati ya Chanjo ilifanya kazi ya kusifiwa. Ilitafuta mjini kote wakubwa ni akina nani, ikajikuta yenyewe.

Koko na Denise walipofika kituo cha afya cha Saio, benchi lilikuwa limejaa suti za wajumbe wa Kamati. Chanjo zilikuwa chache. Denise alimshika Koko mkono kwa nguvu. Kansa hiyo ndiyo iliyomchukua mama yake.

"Mama, hii ni ya wakubwa," alisema Papa Ézéchiel, Prezidenti wa Kamati, kwa upole wa kiserikali. "Huyu iko mutoto. Miaka ishirini na tano tu!"

"Na weye, papa?"

"Makumi sita. Mukubwa kabisa!"

Dokta Camille akatokea mlangoni. "Papa, wa makumi sita hatuchanje."

Kamati ikafanya kikao cha dharura palepale. Kwa kauli moja, Prezidenti akashushwa umri mpaka miaka ishirini na tano. Wajumbe wakajishusha naye, kwa mshikamano.

Koko aliwasikiliza hadi mwisho, bila haraka.

"Aksanti. Sasa, watoto, simameni. Koko iko na magoti mubaya."

Hakuna aliyelelewa huku Ituri ambaye angeweza kumnyima koko kiti. Benchi zima likasimama. Koko akaketi peke yake, akanyoosha kitenge.

"Dokta, mukubwa anabakia mumoja tu hapa. Nasema Denise aingie."

Denise akaingia. Dokta Camille akamdunga begani. "Utarudia hapa juu ya chanjo ya pili," alimwambia taratibu. "Na kupimwa usiache. Chanjo peke yake haitoshe."

Prezidenti akakohoa. "Na miye, narudia lini?"

"Weye kuya kwangu Ngezi, siku yoyote, mutoto yangu," alijibu Koko. "Watoto ya sasa hawatembelee tena ba koko."