Saa Tisa ya Kwao

Jumapili, Septemba 7

Orrin mume wangu, salamu nyingi huko kaburini. Sisi wazima. Binti yetu Kendra mzima, ila hali mayai siku hizi. Mumewe Boyd mzima, bado anavua viatu katikati ya mlango. Paka mzima. Jirani mzima, kwa bahati mbaya. Mguu wangu wa kushoto mzima, wa kulia usiuulize.

Baada ya salamu: wanahama! Wanakwenda Kanada!

Kendra anasema hawawezi kukaa kwangu milele, na kodi ya nyumba hapa Calais, mpakani na Kanada, imewashinda. Boyd kapata kazi ng'ambo, kiwanda cha peremende, na kwa kuwa mama yake Glenys ni wa huko, karatasi hazimsumbui. Sasa wanatafuta nyumba ya kupanga St. Stephen. Nikamuuliza mji wetu umemkosea nini. Akasema, "Mama, ni ng'ambo ya daraja tu. Ukipiga chafya nitakusikia."

Mwanangu aje kuisikia chafya yangu kutoka nchi ya kigeni!

Nimelia kidogo jikoni. Kisha nikakumbuka mimi si mtu wa kulia. Nitapanga mambo.

Jumanne, Septemba 9

Mpango wa kwanza: maziwa. Kule yanauzwa kwenye mifuko ya plastiki, unakumbuka. Nikavuka, nikanunua mfuko, niutue mezani mbele ya Kendra aione dhiki inayomngoja.

Kurudi, askari wa darajani akauliza nimebeba nini. Nikasema ushahidi. Akauliza ushahidi wa nini. Nikaegemea kiwiko ili nimweleze vizuri. Kumbe nimeegemea mfuko. Ukapasuka! Kiti, viatu, breki, kila kitu maziwa. Askari akaniambia nipite tu, mama, nenda salama.

Kendra alisafisha gari huku anacheka. Eti mifuko ni rahisi, Glenys atamfundisha. Glenys! Hukata ncha ya mfuko kwa mkasi kama anamkata mtoto mchanga kucha. Sikukuu ya Shukrani anaila Oktoba, sisi mpaka Novemba. Hata saa yao iko mbele. Kwao ikigonga nne, kwetu ni tatu. Mkwe mwenzangu huyo amenitangulia kwa kila kitu, na sasa anamtaka na mtoto wangu.

Lakini saa ile iliwahi kuwa yetu, Orrin. Ulikuwa ukinipeleka dansi kule. Muziki ukizimwa saa nne tunavuka daraja, huku tunakuta ndiyo kwanza saa tatu. Ukasema, "Shika, Verna, nimekupatia saa moja." Tukaikalia ndani ya gari, injini umeizima, mto unapita chini. Tulikuwa tunaongea nini vile? Sikumbuki hata neno. Nakumbuka koti lako lilinuka mbao mbichi.

Ijumaa, Septemba 12

Bi Winnifred, mwenye nyumba wa ng'ambo, kapiga simu ya hapa nyumbani, kwa sababu ya mkononi ikiwa karibu na mto haijui iko nchi gani. Kaniomba radhi kwa kunisumbua, kisha kaniomba radhi kwa kuniomba radhi. Akasema Kendra na Boyd waje kuona nyumba kesho saa tisa, saa ya kwetu huku, asije akatuchanganya. Saa tisa na nusu wanakuja watu wengine. Wa kwanza kukubali ndiye anapewa.

Orrin, kichwa changu kiliwaka kama taa!

Hapa kwetu ukitaja saa lazima useme ni ya kwao au ya kwetu. Wao wako mbele. Aliye mbele yuko mbali zaidi. Kwa hiyo saa tisa ya kwao inafika baada ya saa tisa yetu. Shule niliiacha mapema, lakini hesabu hii hata paka anaiweza.

Nimemwambia Kendra: saa tisa ya kwao. Neno moja tu nimeligeuza. Watachelewa saa nzima, nyumba itachukuliwa, na Jumamosi tutakula maharage yetu ya chungu hapa hapa, kama siku zote.

Jumamosi, Septemba 13

Waliondoka mapema sana. Nikajiambia, maskini Boyd, hesabu haimo kichwani.

Wamerudi na ufunguo!

Walifika saa nane yetu. Bi Winnifred yuko peke yake, kavaa aproni, sinki imeziba, maji hayaendi. Boyd akaingia chini ya sinki. Kendra akashika kisu akamalizia kumenya viazi. Wale wengine walipokuja walimkuta Boyd anafuta vyombo kama mtu wa nyumba ile.

Kendra akanikumbatia. "Mama, Bi Winnifred anasema alikuambia saa ya kwetu. Ulitutanguliza makusudi, siyo?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

"Na mimi nilidhani hutaki tuondoke," akasema, na hakuniachia upesi.

Maharage yaliungua kidogo upande mmoja. Tukala hivyo hivyo.

Jumamosi, Septemba 27

Walihama jana. Nyumba imekuwa kubwa. Nilijikwaa mlangoni pasipo na viatu.

Kutoka dirisha la jikoni naliona paa lao. Jana jioni taa yao iliwaka nikiwa bado sijamenya kiazi. Kendra kaniachia saa ya ukutani, kaitundika kando ya yetu, ati niwe najua kwake ni saa ngapi. Asubuhi hii naitazama: imekosea! Iko mbele saa nzima. Bila shaka Glenys ndiye aliyeichagua. Nimepanda kiti nikairekebisha. Sasa zinakwenda sawa, zinapendeza.

Leo maharage tunayala kwa Kendra, saa kumi na mbili ya kwao. Glenys kaalikwa pia, na bila shaka ataleta chungu chake. Nimeshapanga. Nitatoka hapa saa kumi na mbili kamili ya kwetu. Kwa kuwa wao wako mbele, nitamtangulia kwa saa nzima. Chungu changu kitakuwa kimeshakaa katikati ya meza, na mimi nitakaa na mtoto wangu, sisi wawili tu. Saa moja, Orrin, kama ile ya darajani.

Jambo moja tu limenitia wasiwasi nikiwa juu ya kiti. Ile saa yetu ulikuwa unaipata wakati wa kwenda au wa kurudi? Nijibu upesi, maharage yameiva na koti nimeshavaa.